Mradi Wetu ni Biashara ya Aina Gani?
Somo kwa kamati za miradi za sharika na kwa wafadhili wetu



Hivi karibuni ofisi ya miradi ilipokea barua ya kamati ya usharika mmoja wenye mashine ya kukamua alizeti. Kamati inaomba tuiunge mkono ikope benki shilingi milioni 90 ili inunue mtambo wa kusafisha mafuta. Dhamana iliyopendekezwa ni hati ya kiwanja cha usharika, kile ambacho juu yake limejengwa darasa la chekechea. Sababu zilizoandikwa ni mbili. Kwanza, mafuta yasiyosafishwa huuzwa kwa bei ya chini kuliko yaliyosafishwa. Pili, na hapa tunafupisha maneno yao, viwanda vikubwa vinasafisha na vinafaidi, kwa nini kanisa libaki nyuma?

Barua hiyo si ya watu wazembe. Kamati imefanya hesabu ya bei sokoni, imetembelea muuzaji wa mitambo, na imepitisha jambo hili katika Baraza la Wazee. Bado hatujaijibu. Kwa kuwa sharika nyingine nazo zina mashine za kukamua, na swali hili hili litazifikia, tumeona ni vema tulifanye kuwa somo la toleo hili. Swali letu si kama kusafisha mafuta ni biashara nzuri. Ni nzuri. Swali ni kama ni nzuri kwa biashara ya aina ile ambayo usharika huo unayo.

Wataalamu wa uongozi wa biashara huita jambo hili sifa za kampuni. Wanamaanisha yale mambo ambayo kampuni huwa nayo kabla hata haijaamua lolote: ukubwa wake, umri wake, nani anaimiliki, mtaji wake umetoka wapi, na iko mahali gani. Sifa hizo hazibadiliki kwa kikao kimoja. Lakini ndizo zinazoamua ni mikakati ipi inawezekana na ipi ni ndoto. Maduka mawili yanaweza kuuza bidhaa ile ile katika mtaa ule ule, moja likanenepa na jingine likafungwa, na wenye maduka wote wawili wakawa wachapakazi. Tofauti mara nyingi iko katika sifa hizi, wala si katika bidii.

Ukubwa

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaoonekana kwa macho. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iligawa biashara za Tanzania kwa idadi ya wafanyakazi na mtaji uliowekwa katika mitambo. Yenye wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni biashara ndogo sana. Wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji wa hadi milioni 200 ni ndogo. Wafanyakazi 50 hadi 99 na mtaji wa hadi milioni 800 ni ya kati. Kuanzia wafanyakazi 100, au mtaji unaozidi hapo, ni kubwa. Kwa kipimo hicho mashine zote za sharika zetu ni biashara ndogo, na chache ni ndogo sana. Kiwanda cha Mount Meru Millers kilichojengwa mjini Singida kiko upande wa pili kabisa wa ngazi hiyo.

Sasa tuangalie ukubwa unafanya nini katika hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, tumezichagua ziwe rahisi kuzidisha. Tuseme mashine ya usharika ina gharama ambazo lazima zilipwe, kazi iwepo isiwepo: mshahara wa fundi na mlinzi, leseni, matengenezo, pango la ghala. Tuseme ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Mashine ikikamua magunia 1,200 kwa msimu, kila gunia limebeba shilingi 12,000 za gharama hizo. Ikikamua magunia 4,800, kila gunia linabeba shilingi 3,000. Fundi ni yule yule, mlinzi ni yule yule, alizeti ni ile ile. Hii ndiyo sababu kiwanda kikubwa kinaweza kumlipa mkulima bei nzuri zaidi yetu na bado kikapata faida. Kamati nyingi hudhani kiwanda kikubwa kina siri fulani. Siri yenyewe ni hilo la kugawanya.

Tuuchukue mtambo wa kusafisha sasa. Tuseme unasafisha tani 5 kwa siku, na ule ni mtambo mdogo. Magunia yetu 1,200, kila moja likitoa lita 16, yatatupa lita 19,200. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa karibu gramu 920, kwa hiyo hizo ni tani 17 na ushee. Mtambo utamaliza mafuta yote ya msimu mzima kwa siku zisizotimia nne. Siku nyingine zote za mwaka utakaa umefunikwa turubai, huku riba ikiendelea kutembea. Mkopo wa milioni 90 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka unadai riba ya shilingi 16,200,000 katika mwaka wa kwanza, kabla ya kurejesha hata senti moja ya deni lenyewe. Igawanyeni kwa lita 19,200. Ni zaidi ya shilingi 840 kwa kila lita, na bado hatujanunua kostiki soda ya kuondoa asidi, udongo maalumu wa kuondoa rangi, kuni au mafuta ya kuchemshia maji ya mvuke wa kuondoa harufu, wala hatujamlipa mtu anayejua kupima ubora.

Ili mtambo huo ufanye kazi siku 200 tu kwa mwaka ungehitaji tani 1,000 za mafuta, ambazo kwa kipimo chetu ni magunia zaidi ya 67,000. Gunia likiwa shilingi 50,000, fedha za kununulia mbegu peke yake zinapita shilingi bilioni 3. Tunaomba msomaji asome sentensi hiyo mara mbili. Bei ya mtambo ndiyo inayoandikwa katika maombi ya fedha, lakini kinachoua mradi ni fedha za kuulisha mtambo.

Kiwanda kikubwa kina njia nyingine ambayo sisi hatuna. Mashudu yanayotoka katika mashine ndogo bado yana mafuta ndani yake, na kiwanda chenye mtambo wa kukamua kwa kemikali huyanunua na kuyakamua tena. Vilevile chenye mtaji mkubwa kinaweza kuagiza mafuta ghafi ya mawese kutoka nje na kuendelea kusafisha hata mbegu za ndani zinapokwisha. Ndiyo maana uamuzi mmoja wa Serikali huwagusa wakubwa na wadogo kwa namna tofauti. Katika bajeti ya mwaka 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Tangu hapo umerekebishwa tena zaidi ya mara moja. Ushuru ukipanda, mkulima wa Iramba au Ikungi ana nafasi ya kupata bei nzuri. Mkamuaji mdogo aliyeweka mbegu ghalani mwezi wa saba hufurahi pamoja naye. Lakini mkamuaji mdogo asiye na akiba ya mbegu hubaki akitazama bei ikimkimbia. Tangazo ni moja, ila kila mmoja amelisikia kwa sikio la biashara yake.

Umri

Mwanasosholojia wa Marekani, Arthur Stinchcombe, aliandika mwaka 1965 kuwa taasisi changa hufa kwa wingi kuliko zilizokomaa. Sababu zake ni rahisi kuzitambua kijijini: watu wake bado hawajajua kazi zao, bado hawajazoeana, na wateja bado hawajawaamini. Sisi tumeliona hilo kwa macho. Katika msimu wa kwanza mashine huwa inafunguliwa saa nne asubuhi kwa sababu mwenye ufunguo yuko mazishini. Msimu wa pili wakulima wanalalamika kuwa lita zao zimepungua, na hakuna aliyeandika uzito wa mbegu walizoleta. Ni kama katika msimu wa tatu ndipo mama mmoja anamwambia jirani yake, "pale kwa kanisa hawaibi." Neno hilo ni mtaji, ingawa halimo katika mizania.

Teknolojia yenyewe pia ina umri. Wanaokumbuka miaka ya themanini wanaijua mashine ya mkono ya kukamulia alizeti, yenye mpini mrefu. Mhandisi Carl Bielenberg aliibuni mwaka 1985 mkoani Arusha, katika kazi iliyofanywa na shirika la Appropriate Technology International pamoja na Lutheran World Relief. Ilifaa kwa kaya na kwa vikundi vidogo vya akina mama kwa sababu haikuhitaji umeme, na aliyeiharibu aliweza kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Biashara changa ilipata mashine yenye umri unaolingana nayo. Leo tunaona usharika wenye uzoefu wa misimu miwili unataka mtambo unaohitaji mtaalamu wa kemia. Hatusemi usharika hautafika huko. Tunauliza ni misimu mingapi imepita, na daftari la kila msimu liko wapi.

Umri mkubwa nao una hatari yake. Mradi wa miaka ishirini unaweza kuendelea kufanya jambo kwa sababu tu ndivyo lilivyofanywa na mchungaji aliyetangulia. Tunao mmoja wa namna hiyo, unaokamua kwa ujira ule ule uliopangwa zamani, ambao siku hizi hautoshi hata kulipa umeme.

Umiliki

Hapa ndipo tungependa kukaa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo miradi ya kanisa inapotofautiana na biashara nyingine zote mjini.

Wachumi Michael Jensen na William Meckling walieleza mwaka 1976 kuwa pale mwenye mali anapokuwa mmoja na mwendeshaji wa mali mwingine, maslahi yao hayalingani kikamilifu, na tofauti hiyo ina gharama: gharama ya kusimamia, gharama ya ukaguzi, na hasara inayobaki hata baada ya kusimamia. Mwenye duka anayekaa mwenyewe kaunta haijui gharama hiyo. Usharika unaijua sana. Mwenye mashine ni waumini wote, wanaowakilishwa na Baraza la Wazee, wanaowakilishwa na kamati, inayomwakilisha msimamizi, anayemwachia fundi. Kila hatua katika mnyororo huo ni mtu mwema, na katika kila hatua kitu kidogo hupotea.

Lakini hasara kubwa tuliyowahi kuiona haikutokana na wizi. Usharika mmoja, miaka kadhaa iliyopita, uliuza mafuta vizuri na kufikia mwezi wa nne ukawa na fedha za kutosha kununua mbegu za msimu unaofuata. Mwezi wa tano upepo uliezua paa la kanisa. Fedha zilikuwepo benki. Ni nani angesimama katika kikao mbele ya msalaba aseme fedha hizi ni za alizeti, waumini wasubiri mvua ikiwanyeshea? Paa likaezekwa kwa bati jipya. Mwezi wa saba wakulima walileta mbegu na hapakuwa na cha kuwalipa, wakawauzia wachuuzi wenye malori na magunia ya lumbesa. Mashine ilisimama msimu mzima, fundi akaondoka kwenda kwa mwajiri mwingine, na hata leo haijarudi katika hali yake ya kwanza. Ofisi yetu ilikuwa na mwakilishi katika kikao kile. Naye alipiga makofi. Tunalikiri hilo kwa sababu tuliwafundisha kutunza vitabu vya hesabu, lakini hatukuwafundisha kuitenga biashara na mahitaji ya mwenye biashara.

Mfanyabiashara wa kawaida ana mahitaji yake, ada za watoto na harusi. Kanisa ni mmiliki mwenye mahitaji yasiyokwisha, tena yote ni matakatifu, kwa hiyo ni vigumu mno kuyakatalia. Hiyo ni sifa ya kampuni kama ulivyo ukubwa. Inaathiri maamuzi moja kwa moja: mradi unaomilikiwa hivyo hauwezi kutegemea mpango wowote unaotaka akiba kubwa ikae bila kuguswa, mpaka umiliki wenyewe upangwe upya.

Kuna namna kadhaa za kuupanga upya. Kwa kawaida mali za kanisa huandikishwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Hapo usharika wenyewe si mtu mbele ya sheria, na deni la mashine laweza kuifikia mali nyingine iliyo chini ya wadhamini wale wale. Njia ya pili ni kusajili kampuni BRELA chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Kampuni yenye hisa ina ukomo wa dhima: ikianguka, inaanguka na mali yake, haliburuzi kanisa. Ukomo huo hautusaidii chochote, hata hivyo, siku ile tunapoweka hati ya kiwanja cha kanisa kuwa dhamana. Tumejenga ukuta kisha tumetoboa mlango. Njia ya tatu ni chama cha ushirika cha wakulima, kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ambapo kila mwanachama ana kura moja bila kujali hisa zake. Ushirika huleta mbegu, maana wenye mbegu ndio wenye chama. Lakini huamua polepole, na wazee wetu hawajasahau kuwa mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na mali zao zikaenda kwenye mikono mingine.

Ndani ya KKKT upo mfano mmoja unaostahili kutazamwa, ingawa ni wa benki na si wa alizeti, tena ni wa Dar es Salaam. Benki ya Maendeleo ilianzishwa kwa juhudi za Dayosisi ya Mashariki na Pwani na kufungua milango mwaka 2013. Waanzilishi wangeweza kuifanya mali ya dayosisi peke yake. Badala yake waliifanya kampuni ya umma, wakauza hisa kwa wananchi, na mwaka huo huo ikawa kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika dirisha la kukuza ujasiriamali la Soko la Hisa la Dar es Salaam. Uamuzi huo ulileta mtaji ambao sadaka zisingeleta. Ulileta pia mabwana wapya: wanahisa wasio waumini, Benki Kuu yenye masharti ya mtaji, na wajibu wa kuchapisha hesabu kila robo mwaka ili kila mtu azisome. Tangu siku hiyo hakuna kikao cha dayosisi ambacho kingeweza kuchukua fedha za benki kuezekea paa. Wengine wataliita hilo kuwa kanisa limepoteza udhibiti wa chombo chake. Sisi tunaona ndilo lililokipa chombo hicho uhai wake.

Usharika wa kijijini hauwezi kuuza hisa Dar es Salaam. Lakini unaweza kufungua akaunti ya pili yenye watia saini tofauti, na kuandika katika maazimio kuwa mashine italipa usharika kiasi fulani cha faida kwa mwaka, mara moja, baada ya ukaguzi, na si zaidi. Kukiwa na paa la kuezeka, lisubiri siku hiyo au liitishiwe harambee na mnada kama kawaida yetu.

Mtaji

Kwa wafadhili wetu tunalo neno hapa, nao watatuvumilia. Mashine nyingi katika dayosisi yetu ni za msaada. Tunashukuru sana, na tunaendelea kuomba. Hata hivyo mtaji wa msaada una tabia yake. Mtu aliyekopa kununua mashine anajua kila mwezi kuwa mashine hiyo inakula fedha, hivyo huipangia kazi usiku na mchana. Aliyepewa haisikii sauti hiyo. Haandiki uchakavu katika vitabu, na mashine ikifa baada ya miaka kumi anaandika barua nyingine ya maombi. Si ukosefu wa shukrani, ni hesabu iliyoanza vibaya.

Jambo la pili ni kwamba misaada hupenda vitu vinavyopigwa picha. Mashine yenye bango la mfadhili hupigwa picha vizuri. Magunia 600 ya alizeti ghalani mwezi wa saba hayana mvuto huo, na mwezi wa kumi na mbili yatakuwa yamekwisha. Lakini kwa biashara ndogo ya msimu mmoja, magunia hayo ndiyo yanayoamua kama mashine itafanya kazi miezi miwili au minane. Alizeti yetu huvunwa kati ya mwezi wa tano na wa saba, bei ikiwa chini, na mwenye fedha taslimu wakati huo ndiye anayeula mwaka mzima. Tungefurahi kuona mfadhili mmoja akijaribu kutoa mfuko wa mzunguko wa mbegu, unaorudishwa kila mwaka kabla ya Pasaka na kukaguliwa, badala ya mashine ya pili.

Usharika usio na mfuko huo una njia ambayo wengi huidharau: kukamua kwa ujira. Mkulima analeta mbegu zake, analipa kwa fedha au anaacha mashudu, anaondoka na mafuta yake. Faida kwa gunia ni ndogo, lakini hakuna mtaji unaolala ghalani na hakuna hatari ya bei kuanguka, kwa sababu mbegu si zetu. Kwa biashara changa, ndogo, yenye mmiliki mwenye mahitaji mengi, tunaona mkakati huu unafaa kuliko wote. Haupendezi kuuelezea katika mkutano mkuu.

Mahali

Kuhusu mahali tutasema machache, kwa kuwa kila kamati inayajua ya kwake. Usharika ulio kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Nzega huuza mafuta kwa abiria katika chupa na madumu, kwa bei ya rejareja. Ulio ndani kilomita arobaini huuza kwa mchuuzi anayepanga bei yeye. Mafuta yakiwa yale yale, yule wa kwanza afikirie vifungashio, nembo na alama ya ubora ya TBS, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula. Yule wa pili afikirie kwanza ghala na mizani. Usharika ulioandika barua uko ndani, kilomita nyingi kutoka lami, na umeme wa kijiji chake hukatika.

Barua ile

Tunarudi basi kwa wenzetu. Biashara yao ni ndogo, ina misimu mitatu, inamilikiwa na usharika wenye chekechea na paa, mashine yake ni ya msaada, haina akiba ya mbegu, na iko mbali na barabara. Mkakati wa kusafisha mafuta ni wa biashara kubwa, iliyokomaa, yenye wenye hisa wanaosubiri gawio na benki inayoiamini kwa mikopo ya msimu. Kiwanja kikiwekwa rehani na mtambo ukasimama, benki haitauliza kama darasa lile lina watoto sitini. Mwinjili Luka, katika sura ya 14, anasimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, na wanakamati wetu wengi wamehubiri juu yake. Katika mfano ule anayepiga hesabu ni yule yule mwenye mnara. Hahesabu kwa mfuko wa jirani.

Kwa hiyo ofisi haitatia saini barua ya kuunga mkono rehani ya kiwanja. Tunapendekeza kwa kamati mambo ambayo sifa zake zinayaruhusu sasa: kuendelea kukamua kwa ujira msimu huu, kununua chujio bora ili mafuta yatoke safi bila kusafishwa kwa kemikali, kuyauzia mashudu na mafuta ghafi viwanda vya mjini kwa mkataba ulioandikwa, na kutenga akaunti. Baada ya misimu mitatu ya vitabu vilivyokaguliwa, tuzungumze tena. Inawezekana wakati huo sharika tano za jimbo lile zikaunganisha mbegu zao katika kampuni moja, na hapo hesabu ya kugawanya itakuwa nyingine kabisa.

Tunajua pendekezo hili litawakatisha wengine tamaa, na huenda tumekosea katika tarakimu za mtambo, kwani tumezikadiria. Kamati ina haki ya kutupinga. Tumepanga kikao nao usharikani baada ya mavuno, na tunaomba waje na daftari la uzito wa mbegu na lita zilizotoka kwa misimu yote mitatu, risiti za umeme, maazimio ya Baraza la Wazee kuhusu matumizi ya fedha za mashine, na barua ya muuzaji inayoonyesha mtambo unasafisha tani ngapi kwa siku. Mtunza hazina wa usharika awepo, na fundi pia. Fundi asiachwe nje, kwa kuwa kila tulipomwacha nje tulikuja kugundua baadaye kuwa yeye ndiye aliyekuwa na jibu.

Maswali ya kujadili katika kamati nyingine kabla ya kikao chenu kijacho:

Mwaka jana mashine yetu ilikamua magunia mangapi, na gharama zisizobadilika zilikuwa kiasi gani kwa kila gunia?

Fedha za mradi zikihitajika kesho kwa ajili ya jambo jema la kanisa, ni nani katika usharika wetu ana mamlaka, kwa maandishi, ya kusema hapana?

Mkakati tunaoutamani tumeuona kwa nani, naye ana ukubwa gani, umri gani, na mbegu zake anazinunua kwa fedha za nani?